Tao Lenye Ncha: Nani Alijenga Makanisa Yetu ya Mawe?

Historia ya makanisa makongwe ya Tanzania husimuliwa kwa majina matatu: jina la mmisionari aliyefika, jina la msanifu aliyechora, na jina la askofu aliyebariki. Aliyechimba msingi hayumo. Aliyechoma chokaa hayumo, wala aliyebeba jiwe begani kutoka machimboni. Tunabaki na majengo yanayoonekana kana kwamba yalishuka kutoka Ulaya yakiwa yamekamilika, nasi tukayapokea tu.

Katika makala haya napendekeza tuyasome majengo hayo kuanzia chini, yaani kuanzia msingi hadi mnara. Nimechagua mtindo wa Kigothi, wenye matao yaliyochongoka, kwa sababu ndio mtindo ambao Watanzania wengi huutambua mara moja kuwa ni "sura ya kanisa". Nitaanzia Meru ninakoishi na kufundisha, nitashuka hadi Unguja na Dar es Salaam, kisha nitarudi mlimani na hoja inayowahusu moja kwa moja wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu.

Mlimani: hema kabla ya jiwe

Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, wakitafuta mahali pa kuanzisha kituo. Hawakudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 ya mwezi huo waliuawa na wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru, pamoja na Wachagga waliofuatana nao kutoka Kilimanjaro. Ovir na Segebrock wanatajwa kwa majina katika kila simulizi la tukio hilo. Wachagga waliokufa nao, mara nyingi, wanatajwa kama "wasaidizi".

Kwa nini waliuawa? Jibu jepesi lililotolewa na wakoloni lilikuwa ukatili wa wenyeji. Jibu la kihistoria linataka tutazame nani mwingine alikuwa jirani. Kapteni Kurt Johannes, aliyeongoza jeshi la Wajerumani mkoani Kilimanjaro, alikuwa amepiga kambi eneo hilo hilo na askari wake. Kwa macho ya watu wa Meru, hema la mhubiri na hema la mwanajeshi yalikuwa mahema ya Wazungu waliokuja pamoja. Kisasi kilichofuata kilithibitisha hofu yao: vijiji vilichomwa, mifugo ikaporwa, watu wengi wakauawa. Mwaka 1900 Wajerumani waliwanyonga Moshi viongozi kadhaa wa Kilimanjaro na Meru, miongoni mwao Mangi Meli wa Old Moshi na Mangi Lobulu wa Meru.

Katika kipindi hicho hicho, kati ya 1899 na 1900, ndipo lilipojengwa Boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Lilijengwa kwa kazi ya shuruti. Watu waliokuwa wameshindwa vitani ndio waliojenga ngome ya aliyewashinda. Baada ya hapo ndipo Misheni ya Leipzig iliporejea na kuanzisha vituo vya Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904.

Mpangilio huu wa matukio una uzito wake. Arusha, jengo la kwanza la mawe la dola jipya lilikuwa ngome, na vituo vya kudumu vya misheni vilifuata baada yake. Hilo halimaanishi kwamba imani ya Wameru na Waarusha ni imani ya kulazimishwa. Vizazi vilivyofuata viliifanya kuwa yao, wakaiimba kwa lugha zao, na shule za misheni zikawapa kalamu waliyoitumia baadaye dhidi ya dola. Linamaanisha tu kwamba huwezi kusimulia ujenzi wa kanisa katika nchi hii bila kusimulia pia swali la nani alikuwa na uwezo wa kuwaamuru watu wabebe mawe.

Mtindo uliozaliwa na tusi

Turudi nyuma kidogo tuulize: Gothi ni nini? Jina lenyewe lilianza kama tusi. Waandishi wa Italia wa karne ya 16, Giorgio Vasari akiwa maarufu zaidi, waliyadharau majengo ya zama za kati yenye minara na matao yaliyochongoka, wakayahusisha na Wagothi, kabila walilolilaumu kwa kuangusha ustaarabu wa Roma. Wagothi wenyewe hawakuhusika. Mtindo huo ulichukua umbo lake karibu na Paris, katika kanisa la abasia ya Saint-Denis, ambako Abati Suger alisimamia ujenzi wa sehemu mpya ya madhabahu iliyowekwa wakfu mwaka 1144.

Siri yake ni ya kihandisi kabla haijawa ya kiroho. Tao la nusu duara husukuma uzito mwingi kwenda pembeni, hivyo ukuta lazima uwe mnene na madirisha yawe madogo. Tao lenye ncha hupeleka sehemu kubwa zaidi ya uzito chini, kwenye nguzo. Ukiongeza mbavu za mawe chini ya dari, na viegemeo vya nje vinavyoukinga ukuta usifunguke, ukuta unaachwa huru. Unaweza kuutoboa madirisha makubwa na kuyajaza vioo vya rangi. Mwanga, ambao Ulaya ya kaskazini ni adimu nusu ya mwaka, ukaingizwa ndani ya kanisa kama mgeni wa heshima.

Lakini tao lenye ncha halikuvumbuliwa Saint-Denis. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliokamilika mwaka 879, una matao ya aina hiyo safu kwa safu, zaidi ya karne mbili kabla ya Suger. Christopher Wren, msanifu wa kanisa kuu la St Paul's la London, aliamini kwamba mtindo ulioitwa wa Kigothi ulikuwa na asili ya Kiislamu. Wanahistoria wa leo wanalitazama suala hilo kwa uangalifu zaidi kuliko Wren, lakini hawabishi kwamba tao hilo lilikuwa limezoeleka katika nchi za Kiislamu kwanza.

Nasi tunao ushahidi wetu. Nenda Kilwa Kisiwani. Katika Msikiti Mkuu, uliopanuliwa katika karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, utaona matao yaliyochongoka yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mafundi wa pwani walijua kulisimamisha tao lenye ncha miaka mia tano na zaidi kabla ya Mjerumani kushusha shehena yake Dar es Salaam. Mwanafunzi anayeandika kwamba umbo hilo "lililetwa na wakoloni" anaifuta Kilwa bila kukusudia.

Mkunazini: saruji, matumbawe na soko la watu

Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini, Unguja, ndilo mfano bora wa jinsi michoro ya Ulaya ilivyokutana na mikono ya pwani. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa ameshinikizwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya hadhara. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palipokuwa soko. Sehemu ya ardhi ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Michoro ilikuwa ya msanifu Mwingereza, C. F. Hayward. Msimamizi alikuwa Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, mtu yule yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, na aliyefanywa askofu mwaka 1874.

Itazame kazi yenyewe. Matao yana ncha ya Kigothi, lakini mapambo yanaingia katika ladha ya Kiarabu. Mawe ni ya matumbawe. Dari haina mbavu za Kigothi, bali ni kuba refu la umbo la pipa, lililomiminwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wengi walitabiri kwamba dari hiyo ingeanguka. Haijaanguka. Palipotakiwa msitu wa mbao za kupaulia na vigae vya kuhimili theluji, mafundi walimimina kitu kinachofaa kisiwa chenye mvua, mchwa na jua. Wataalamu wakiita hiyo "Gothi iliyopungua", mimi naiita Gothi iliyofikiriwa upya.

Karibu na mlango yapo yale maarufu ambayo kila kiongoza watalii huyasimulia: nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasemekana mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa hayupo. Wageni hucheka. Kicheko hicho ndicho pahali pekee ambapo mafundi wanaingia katika simulizi la kanisa lile, na wanaingia kama watu waliokosea. Dari iliyosimama kwa karibu karne moja na nusu inapewa jina la Steere. Nguzo zilizopinduka zinapewa "mafundi". Mwanafunzi wa historia na ajiulize kuhusu mgawanyo huo wa sifa.

Kuna jambo zito zaidi. Mkataba wa 1873 ulifunga soko, haukufuta utumwa. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, na Tanganyika hadi 1922. Kanisa la Mkunazini lilifunguliwa kwa ibada Krismasi ya mwaka 1879, katika mji ambao maelfu ya wakazi wake bado walikuwa mali ya wengine. Neno letu "kibarua" linabeba kumbukumbu hiyo. Katika Unguja ya karne ya 19, watumwa wengi walikodishwa kwa kazi za kutwa katika bohari na majengo, wakapewa kijibarua cha kuthibitisha siku waliyofanya, kisha wakagawana ujira na mabwana zao. Kwa hiyo tunaposema fulani "yuko kibaruani", tunatumia msamiati wa uchumi ule ule uliojenga Mji Mkongwe.

Ndani ya jengo hilo hilo, hata hivyo, mwaka 1890, Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadri, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Historia haituruhusu kuchagua moja kati ya mambo haya mawili. Lazima tuyabebe yote.

Dar es Salaam: mnara wa mwaka wa kodi

Kwa nini Wajerumani nao walipenda Gothi? Tazama Cologne. Kanisa kuu la mji huo lilianza kujengwa mwaka 1248, likaachwa katika karne ya 16 bila kumalizika, likaendelezwa tena kuanzia 1842 na kukamilika mwaka 1880 mbele ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Lilikuwa limegeuzwa kuwa alama ya taifa lililoungana. Uingereza nayo, bunge lilipoungua mwaka 1834, lilijengwa upya kwa mtindo huo, na msanifu Augustus Pugin akahubiri kwamba Gothi ndiyo sura ya kweli ya Ukristo. Mtindo ulioanza kama tusi ukawa bendera. Na bendera, katika karne ile, zilisafirishwa kwa meli.

Mwaka 1897, miaka kumi na saba tu baada ya Cologne kukamilika, Wabenedikti wa Mtakatifu Ottilien walianza kujenga Kanisa la Mtakatifu Yosefu mbele ya bandari ya Dar es Salaam. Lilikamilika mwaka 1902. Mwaka huo huo wa 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, ambayo moja ya makusudi yake ilikuwa kumsukuma mwananchi aingie katika kazi ya ujira. Mnara ulipanda wakati ambapo mkulima alikuwa akijifunza kwamba paa lake la makuti lina deni.

Kisha ikaja 1905. Agosti ya mwaka huo, vita vya Maji Maji vikiwa vimewaka kusini, Askofu Cassian Spiss, Mbenedikti aliyekuwa na makao yake Dar es Salaam, aliuawa njiani pamoja na watawa wenzake. Ni Akeri tena, kwa ukubwa zaidi: watu waliokandamizwa na kodi, pamba ya shuruti na kiboko hawakuona sababu ya kutenganisha joho na sare. Tunaweza kuwahurumia waliouawa, na tunapaswa, huku tukielewa kwa nini macho ya waliopigana yaliona walichokiona.

Kamba, misumari miwili na fundi wa leo

Turudi Meru. Ukipita sharika na parokia za mlima huu, hutakuta mbavu za mawe wala viegemeo vya nje kama vya Ufaransa. Utakuta kitu kingine: dirisha lenye ncha. Liko kwenye ukuta wa mawe ya volkano, liko kwenye ukuta wa tofali za saruji, liko hata kwenye kikanisa cha bati ambacho bado kinachangiwa. Kihandisi halihitajiki tena, maana nondo na zege vinabeba uzito. Limebaki kuwa lugha. Linasema: hapa ni nyumba ya ibada.

Na fundi anajua kulichora bila kompyuta. Anapigilia misumari miwili kwenye ubao, kila mmoja upande wake wa upana wa dirisha. Anafunga kamba yenye urefu sawa na upana huo, anazungusha penseli kutoka msumari wa kwanza, kisha kutoka wa pili. Mistari miwili inapokutana juu, ncha imepatikana. Huo ni uchoraji wa bikari ule ule waliotumia waashi wa zama za kati. Kisha anatengeneza kiunzi cha mbao cha kulishikilia tao mpaka likauke. Kiunzi kikishaondolewa, hakuna anayekikumbuka tena, ingawa bila hicho tao lisingesimama. Naona katika kiunzi picha kamili ya vibarua wa historia yetu.

Kinachotupasa

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hesabu. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868. Mtakatifu Yosefu ni wa 1897. Boma la Arusha ni la 1899. Vituo vya Nkoaranga na Ilboru ni vya karne ya 20. Yote haya yako nje ya mstari huo, na yanahitaji tamko mahususi la waziri mwenye dhamana ili yalindwe kama kumbukumbu. Jengo maarufu la mjini laweza kupata tamko hilo. Kanisa la usharika lililoko kilometa nyingi juu ya barabara kuu, ambalo halina mtalii wala mtetezi, si rahisi.

Wakati huo huo waumini wanaongezeka. Kanisa lililotosha watu mia mbili sasa linatakiwa kuhimili elfu mbili, na kamati ya ujenzi inaona ukuta wa zamani kama kizuizi. Sitaungana na wale wanaowakemea waumini kutoka mbali. Kanisa si jumba la maonyesho. Ni nyumba ya watu wanaoabudu, na ni wao wanaolipa. Kumtaka mkulima wa kahawa agharamie urithi wa taifa peke yake ni dhuluma nyingine. Lakini kati ya kulinda kila jiwe na kubomoa kila kitu kuna njia pana ambayo hatujaitumia.

Kwa watumishi wa umma: ofisi ya utamaduni ya wilaya haihitaji sheria mpya ili iorodheshe majengo ya ibada yaliyovuka miaka themanini, iyapime, iyapige picha na kushauriana na kamati za ujenzi kabla ya nyundo ya kwanza. Sheria nayo iangaliwe upya, kwa sababu mwaka 1863 kama mstari wa urithi unaliacha nje karibu kila jiwe ambalo ukoloni na ukombozi viliandikwa juu yake.

Kwa wanaharakati: tusiudai urithi huu kwa lugha ya uzuri peke yake. Mwaka 1951 wakulima wa Kimeru walifukuzwa kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa kuwasemea. Watu wale walijua kwamba kumbukumbu ni hati ya madai. Jengo lililojengwa kwa shuruti nalo ni hati. Likibomolewa bila kuandikwa, ushahidi umeteketea.

Kwa wanafunzi wangu: wazee waliowasikia baba zao wakisimulia nani alibeba mawe wapi, kwa ujira gani na kwa amri ya nani, wanapungua kila mwaka. Nendeni na daftari. Ulizeni majina. Ulizeni chokaa ilichomwa wapi, mbao zilitoka msitu gani, nani alianguka kutoka jukwaani na nani alimzika. Kila usharika na kila parokia ina kibao chenye jina la aliyeweka jiwe la msingi. Nawaomba mtafute majina ya kutosha kuandika kibao cha pili, cha waliolichimba jiwe hilo, walilibeba na kulichonga kabla mgeni rasmi hajaliwekea mkono.